Kengele ya Plastiki

Kila siku baada ya swala ya alasiri, wanawake wenzake wa mtaani walipotandika mikeka nje na kumimina chai, Naimo Gelle alijifungia chumbani kugombana na kompyuta. Alikuwa ameshinda tangu asubuhi akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya wasichana hapa Garissa, darasa limejaa hadi mlangoni, feni haizunguki, chaki inamwingia puani. Miguu ilimwaka moto. Mtu mwenye akili timamu angelala. Lakini Naimo alikuwa ametoa ahadi mbele ya ndugu zake, na ahadi hiyo ilimkaa shingoni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Mumewe, anayefanya kazi na shirika moja la misaada huko Dadaab, aliiokoa siku ofisi yao ilipotupa vifaa vya zamani, kifuniko kimeachana na mwili wake, nusu ya herufi zimefutika. Ilikataa kila walichojaribu kuitia, mpaka Naimo alipoifuta yote na kuiwekea Linux. Tangu hapo ilifanya kazi kama punda: polepole, kwa ukaidi, lakini ilifika. Watu wakisikia Linux hudhani ni mambo ya vijana wa Nairobi wenye miwani mikubwa. Wapi! Ni mambo ya mtu asiye na uwezo wa kununua programu za wenyewe, ambaye yuko tayari kuhangaika. Naimo uwezo hakuwa nao, na hamu ya kuhangaika ilikuwa inamwishia.

Aliyemtia katika hangaiko hilo ni baba yake. Mzee Gelle alikuwa na ngamia saba nje ya Habaswein. Zamani walikuwa kundi la kumtia mgeni wivu, kisha ukaja ule ukame wa miaka mfululizo na kuwala mmoja mmoja, mpaka wakabaki hawa saba na mzee mwenyewe na magoti yake mabovu. Mwaka jana wakampotea. Aliwafuata kwa miguu, na watu wa lori la maji wakamkuta ameketi kando ya njia, midomo imepasuka, hawezi hata kujibu salamu.

Ndugu walikutana kwa simu. Guleid, kaka mkubwa, mwenye duka la nguo Eastleigh, hakuzunguka mbuyu. Alisema ngamia wakipotea tena, hata kwa siku moja, mzee anaingia mjini kwa Naimo, na Rage, mtoto wa ami, anachukua ngamia. Mzee alikubali kwa shingo upande. Wote walikubali, isipokuwa Naimo.

Yeye alikuwa amemwona baba yake mjini. Mwezi wa Ramadhani mmoja alikuja kukaa kwake, akakalia kiti cha plastiki akitazama ukuta wa jirani, na siku zilivyokwenda akawa anazungumza kidogo, anakula kidogo, hata tasbihi anaivuta kidogo. Naimo aliogopa. Aliona kwamba mzee huyu ukimtenga na ngamia wake hatakufa mara moja, atazimika taratibu, na yeye ndiye atakayekuwa anamtazama akizimika. Ndipo akatamka neno lililomponza: "Nipeni nafasi. Nitatengeneza kitu cha kumwonyesha ngamia walipo."

Wakampa, kwa sharti lile lile la Guleid. Basi akaanza. Kifaa cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha plastiki chenye betri, laini ya simu na chombo cha kupokea setilaiti. Akitaka kujua ngamia yuko wapi, Naimo hutuma ujumbe, na kijisanduku hujibu kwa tarakimu ambazo simu yake hugeuza kuwa nukta juu ya ramani. Alikichora mwenyewe kwa FreeCAD, programu ya bure ya kuchorea vitu, akakichapa kwa printa ya plastiki, akakijaribu juu ya bati la jikoni, na jua la Garissa likakilegeza mpaka kikakunjamana kama chapati. Akabadilisha plastiki, akachagua ile ya aina ya chupa, inayostahimili joto. Hicho kikafika Habaswein salama, kikafungwa shingoni mwa Adey, ngamia jike mweupe anayeongoza wenzake.

Siku ya pili mzee akapiga simu kwa kabambe yake, kile kisimu cha vibonye.

"Naimo, hiki kisanduku chako kinagombana na kengele."

"Kinagombana vipi, aabo?"

"Kinaigonga. Kengele inakosa nafasi. Adey anatikisa shingo kutwa nzima, amekasirika. Na mimi pia nimekasirika."

Kengele aliyoisema ni koor, ile ya kuchongwa kwa mti, pana kuliko kiganja, na ndani yake vijiti viwili vya kugonga. Ngamia anayeongoza huivaa shingoni maisha yake yote. Naimo alikulia kando ya mlio huo. Alinyonya akiusikia. Na labda kwa sababu hiyo hiyo hakuufikiria. Nani hukaa akafikiria mlio wa mlango wa kwao?

Akapata wazo, na wazo lilikuwa zuri, mtu asije akasema alikuwa mjinga. Kama shingo haina nafasi ya vitu viwili, avifanye kimoja. Atachora kengele ya plastiki ya umbo lile lile, yenye kuta mbili, na katikati ya kuta afiche betri na vinginevyo. Ndani aning'inize vijiti vile vile vya mti. Alikwenda soko la mifugo, akanunua koor mpya, akaipima upana, kina, unene wa ukingo, hata mteremko wa tumbo lake.

Kazi hiyo ilimla. Siku moja alirekebisha mstari mmoja tu wa mchoro wa chini kabisa, na vyote alivyokuwa amevijenga juu yake vikageuka vyekundu na kukataa kusimama. Kosa lilikuwa lake: alichora kwa pupa, akaegemeza vitu mahali pasipofaa. Alirudia upya. Siku nyingine kompyuta, baada ya kujisasisha, ikajitia haijui kibao cha umeme cha ndani ya kifaa, alichokichomeka ubavuni mwake, ikamwambia hana ruhusa. Hana ruhusa! Kwa kompyuta yake, nyumbani kwake! Alisoma mabaraza ya mtandaoni mpaka macho yakatoka maji, akajua kwamba alitakiwa kuandika mstari mmoja wa amri, kisha aizime na kuiwasha tena. Mambo ya Linux ndivyo yalivyo: hukuambia ukweli wote, ila kwa maneno ambayo bado hujayasoma. Naimo aliegemeza kichwa mezani akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu alikuwa amechoka na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Printa ya plastiki iko katika chuo cha ufundi, na msimamizi wake ni Gababo, Mborana wa kutoka Wajir, mtu wa maneno mengi. Kengele ilichapwa mara mbili ikakatizwa na kupotea kwa umeme, mara ya tatu ikakamilika. Gababo akaitoa, akasugua kingo kwa msasa, akafunga vijiti, akaitikisa.

"Madam, umeskia vile inalia? Hii kitu imeshinda ya mzee."

"Ebu tena."

Akaitikisa tena. Ililia kavu, kali, kwa sauti ya juu. Ilijaza chumba kizima.

"Sisi kwetu tungekuwa na hii, ngamia wote wa Wajir wangekuwa kwa simu yangu," Gababo alisema akicheka. "Baba yangu alitembea mpaka kiatu ikakwisha mguuni, wallahi."

Wakacheka wote wawili, mtoto wa mchungaji na mtoto wa mchungaji, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali lililopaswa kuulizwa. Walikuwa wametengeneza kengele inayosikika. Waliona inatosha.

Rage aliipokea Habaswein kutoka kwa dereva wa lori, akampelekea mzee porini, wakamvua Adey ile ya mti na kumvisha hii. Na hapo, kusema kweli, zikafuata siku nzuri. Naimo akiwa katika chumba cha walimu, vitabu vya wanafunzi vimerundikana mbele yake, alifungua simu na kuona nukta. Alimpigia baba yake na kumwambia, "Wako kwenye laga, upande wa machweo, karibu na migunga." Mzee alikwenda akawakuta kwenye lile bonde kavu kama alivyoambiwa. Alicheka simuni kicheko ambacho Naimo hakuwa amekisikia tangu kabla ya ukame.

"Sasa sikiliza, aabo," Naimo alimwambia. "Mchana usiwafuate tena. Pumzisha magoti. Jua likiwa kali wewe lala kivulini, mimi nawaona."

"Mchungaji gani analala mchana?"

"Mchungaji mwenye binti."

Mzee akalala. Alipinga siku ya kwanza, siku ya pili akapinga kidogo, kisha akazoea. Mtu ambaye hajapata usingizi wa kutosha kwa miaka akionjeshwa, huwezi kumlaumu. Naimo naye alianza kulala. Aliifunga kompyuta, akaenda kunywa chai na wenzake mkekani, wakamwuliza alikuwa amesafiri wapi.

Kisha siku moja, mchana, akiwa bado ameshika chaki, simu ikatetemeka mfukoni. Alitoka nje ya darasa.

"Adey yuko wapi?" baba yake aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, tulivu isivyo kawaida.

Naimo alituma ujumbe, akasubiri, akatazama. "Yuko karibu na kisima cha zamani, aabo. Palepale pa jana."

"Nimesimama naye. Wenzake wako wapi?"

Naimo aliitazama simu tena. Nukta ilikuwa moja. Siku zote ilikuwa moja, na yeye siku zote aliihesabu kuwa saba.

Kilichotokea kilikuja kujulikana baadaye, na hakikuwa na muujiza wowote. Mvua ilikuwa imenyesha mashariki, na familia moja ikapita na kundi lake ikielekea Diff, mpakani. Kundi lile lilikuwa na kengele zake za mti. Ngamia sita wa mzee Gelle, ambao kwa siku kadhaa walikuwa wakisikia shingoni mwa kiongozi wao mlio wa ajabu usio wa kengele yao wala wa yeyote wanayemjua, walisikia mlio wa mti ukipita, wakanyanyua vichwa, wakaufuata. Adey peke yake, ambaye hajawahi kufuata kengele kwa kuwa yeye ndiye hufuatwa, alikwenda kisimani kama kawaida yake na kusimama akingoja wenzake. Kifaa hakikukosea hata hatua moja. Kilisema Adey yuko kisimani, na Adey alikuwa kisimani.

Siku zilizofuata Naimo alifundisha kama mtu anayetembea ndani ya maji. Usiku usingizi ulimpaa. Guleid alipiga simu kutoka Nairobi, naye hakufoka, na Naimo angependa afoke. Alisema tu, "Tulikubaliana, dada." Rage alizunguka na pikipiki akiuliza kila kisima. Naimo alijilaumu kwa kila kitu, kwa plastiki, kwa kompyuta, kwa kucheka na Gababo, na zaidi kwa kule kumwambia mzee alale. Alijua la kufanya tangu saa ile ile aliposimama nje ya darasa: kengele irudi ya mti, na kifaa kiingie ndani ya mkanda wa ngozi, nyuma ya shingo, kisiguse kitu. Jambo jepesi. Mtoto angeliona. Akafungua tena kompyuta, akachora kijisanduku chembamba kilichopinda kufuata shingo, na safari hii hakuna kilichogeuka chekundu, hakuna kilichokataa. Jambo hilo lilimuudhi kuliko yote.

Kisha habari ikaja. Wenye kundi la Diff, walipofika na kuwatazama wanyama wao vizuri, waliona sita wenye chapa isiyo yao. Watu waaminifu. Waliuliza chapa ni ya nani, jina likapita kutoka mdomo hadi mdomo na simu hadi simu, na kabla ya Ijumaa Rage alikuwa amekwenda kuwachukua. Wote sita, hakuna aliyevunjika hata kwato. Naimo alisujudu pale pale jikoni, unga mikononi.

Hata Guleid alilegea. "Kama wamepatikana," alisema baada ya kukohoa sana, "tunaweza kusema walitangatanga, hawakupotea. Mzee akitaka kubaki, abaki. Lakini hicho kidude chako ukirekebishe kwanza."

Naimo alikuwa amekwisha kukirekebisha. Aliomba ruhusa shuleni, akapata nafasi katika gari la binamu ya mumewe lililokuwa linapeleka dawa za mifugo Habaswein, akasafiri na mkanda mpya mapajani. Njia nzima alikuwa akijisemea maneno atakayomwambia baba yake. Alikuwa na furaha, na chini ya furaha alikuwa na uchovu mzito, ule wa mtu anayerudi kubebeshwa mzigo alioutua kwa dakika chache tu. Maana aliona wazi yanayokuja: simu za alfajiri, betri za kubadilisha, kutazama nukta akiwa anasahihisha, akiwa anapika, akiwa anaswali. Miaka. Alijikaza asilifikirie hilo.

Alimkuta mzee nje ya kibanda chake, ameketi juu ya gunia. Nguo zake mbili zilikuwa zimekunjwa ndani ya shuka, na birika imefungwa juu yake kwa kamba. Ngamia walikuwa zizini, wote saba, na Rage alikuwa akizunguka nao kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Shingoni mwa Adey kulikuwa na ile kengele ya mti.

"Aabo, kwa nini umefunga vitu?" Naimo alipiga magoti mbele yake, akautoa mkanda. "Tazama. Kengele inabaki yako, hii haigusi. Na Guleid amekubali. Amesema hawakupotea."

Mzee aliushika mkanda, akaupindapinda. "Kazi nzuri," alisema. "Mfungie Adey, umwachie Rage. Yeye ana simu kubwa, ataangalia mwenyewe."

"Rage? Na wewe?"

"Kwako nje kuna kivuli?"

"Aabo, hukunisikia. Guleid amekubali."

"Nimekusikia." Alimrudishia mkanda. "Sasa wewe nisikie. Siku ile sikuwa nimelala. Nilikuwa nimejinyoosha tu. Nilizisikia kengele za wale watu zikija, nikazisikia zikipita, na katikati yake nikasikia kwato zetu. Nazijua kwato zetu, Naimo. Yule ndama wa mwisho huburuta mguu. Nilimsikia akiondoka."

Naimo aliukunja mkanda mkononi.

"Nilisema moyoni, Naimo anaona. Nikageuka upande wa pili. Si magoti. Ningeweza kuinuka. Sikutaka kuinuka. Nimewafuata wanyama tangu meno yangu ya utotoni, na siku ile nilisikia wakiondoka na nikafurahi kwamba kuna mtu mwingine wa kuhangaika." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mtu akifika hapo, ngamia si wake tena."

Naimo alitaka kubisha. Alikuwa na maneno yote aliyoyapanga njiani, nayo yalikuwa mazuri, yalikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini kabla ya maneno kuja, kabla hata ya huzuni kuja, kilikuja kitu kingine kifuani mwake, chepesi, baridi kama maji ya mtungi, na alikitambua mara moja: ilikuwa nafuu. Atalala. Hatatazama nukta tena. Alimwona baba yake kwenye kile kiti cha plastiki akitazama ukuta, akaiona picha hiyo wazi kabisa, na bado ile nafuu haikuondoka. Alijichukia kwa hilo, akainamisha kichwa asionekane.

Mzee alikuwa ameshaona. Alimwekea mkono begani na kujiinulia hapo, kwa shida, akiguna kwa maumivu, mpaka akasimama.

"Guleid akikuuliza," alisema, "usimwambie habari ya kengele, na usimwambie nilisikia. Mwambie baba amechoka. Si uongo."

"Na mimi, aabo?"

"Na wewe umechoka. Hilo usimwambie mtu."

Naimo akachukua lile shuka lenye nguo na birika, likawa jepesi mno mkononi, akatangulia kwenda kwenye gari.